Hester Bateman: Mjane asiyejua kuandika aliyeacha herufi mbili kwenye vijiko vya fedha

Na Mwandishi Wetu

MTU anayekusanya vijiko vya kale vya fedha haanzi kwa kutazama mahali ambapo wengine hutazama. Hukigeuza kijiko kifudifudi, hukisogeza karibu na taa, kisha hutafuta alama ndogo zilizogongwa nyuma ya mpini.

Akizikuta herufi H na B zimeandikwa kwa mtindo wa mwandiko wa kuunganisha, kana kwamba kalamu imepita juu ya fedha, hukishika kijiko hicho kwa uangalifu zaidi. Herufi hizo ni muhuri wa Hester Bateman, mwanamke wa London wa karne ya 18, ambaye vijiko vyake, mabuli yake na vikasha vyake vya kuhifadhia majani ya chai husakwa hadi leo katika minada ya Uingereza na Marekani.

Mwenyewe hakujua kusoma wala kuandika.

Hester Bateman alizaliwa akiitwa Hester Needham na kubatizwa mwaka 1708. Habari za utoto wake ni chache, kama ilivyokuwa kwa mabinti wengi wa familia zisizo na mali. Jiji la London la wakati huo lilikuwa limejaa mafundi wa kila aina, na mtoto wa kike aliyezaliwa katika nyumba za watu wa hali ya chini hakutarajiwa kupelekwa shule.

Mwaka 1732 aliolewa na John Bateman, fundi aliyetengeneza mikufu ya dhahabu na minyororo ya saa za mfukoni. Hii ilikuwa kazi ya macho makali na vidole vyepesi, lakini haikuwa kazi ya heshima kubwa. Masonara wenye majina walifua vyombo vya mezani kwa ajili ya mabwana wakubwa. Mtu wa mikufu aliwauzia wenye maduka, nao ndio waliopata sifa kwa mteja.

Familia hiyo hatimaye ilifanya makao katika mtaa wa Bunhill Row, nje kidogo ya kuta za jiji la kale. Nyumba namba 107 ilikuwa makazi na karakana kwa wakati mmoja. Upande mmoja wa mtaa huo yapo makaburi ya Bunhill Fields, walikozikwa Wakristo wasiokubaliana na kanisa la serikali, miongoni mwao waandishi John Bunyan na Daniel Defoe. Ni katika mtaa huo Hester alipolea watoto wake, wakiwamo Letitia, Peter na Jonathan, huku akishiriki shughuli za karakana bila jina lake kuonekana popote.

Mwaka 1760 John Bateman alifariki dunia kwa kifua kikuu.

Wosia wa mfua mikufu

Katika wosia wake, John alimwachia mkewe zana zote za kazi. Huenda jambo hilo likaonekana dogo kwa msomaji wa leo, lakini wakati ule lilikuwa na uzito mkubwa. Chini ya sheria za Uingereza za karne hiyo, mali ya mwanamke aliyeolewa ilihesabiwa kuwa chini ya mumewe, na mkataba alioufanya mke peke yake haukuwa na nguvu. Mjane, kinyume chake, alikuwa mtu kamili mbele ya sheria. Aliweza kumiliki, kuuza, kudai na kudaiwa.

Hester alikuwa na umri wa takriban miaka 52. Angeweza kuziuza nyundo na koleo zile, akagawa fedha kwa watoto na kuishi kwa kumtegemea mmoja wao. Njia hiyo ndiyo waliyoifuata wengi, na hakuna ambaye angemlaumu.

Badala yake, tarehe 16 Aprili 1761 alikwenda Goldsmiths' Hall, makao ya chama cha masonara wa London, kusajili muhuri wake mwenyewe. Hapo ndipo kila fundi aliyetaka kuuza chombo cha fedha alipotakiwa kuandikisha herufi zake katika daftari, ili chombo kikikutwa na dosari ijulikane ni nani wa kuulizwa. Wengine waliweka saini zao. Hester hakuwa na saini ya kuweka; hata hivyo muhuri uliochongwa kwa ajili yake ulikuwa na H na B za mwandiko wa mtiririko, ule wa watu waliosoma.

Muhuri huo haukusimama peke yake. Sheria ilitaka kila chombo kipelekwe kupimwa kabla ya kuuzwa. Kikionekana kuwa na fedha sehemu 925 katika kila 1,000, kiligongwa alama ya simba anayetembea. Kichwa cha chui chenye taji kilionyesha kuwa kimepimwa London. Herufi ya mwaka ilibadilishwa kila mwezi Mei, na ndiyo inayomwezesha mkusanyaji wa leo kusema bila kubahatisha kwamba kijiko alichokishika ni cha mwaka 1776, kwa kuwa herufi ndogo a ya London ni ya mwaka huo.

Kwa zaidi ya miaka 10 ya mwanzo, vyombo vyenye HB ni haba. Wengi wanaoifahamu historia ya karakana hiyo wanaeleza kuwa sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwafulia vyombo masonara wengine, ambao waliviuza kwa mihuri yao. Mjane wa Bunhill Row alifua, jina likawa la mwingine. Vile vichache alivyovipiga muhuri wake katika kipindi hicho ni vijiko zaidi kuliko kitu kingine chochote.

Kijiko kilikuwa mlango mzuri wa kuingilia biashara. Kilihitaji fedha kidogo, kilifuliwa kutoka kipande kimoja, na kila nyumba yenye uwezo ilihitaji vijiko kwa dazeni. Tena mtindo ulikuwa umebadilika. Zamani ncha ya mpini ilipinda kuelekea juu, na kijiko kilipangwa mezani kikiwa kimeinamishwa. Kuanzia miaka ya 1760 ncha ilianza kupindishwa chini, kijiko kikalazwa chali, na upande wa mbele wa mpini ukawa uwanja mpya wa nakshi. Familia zilizotaka kwenda na wakati zililazimika kununua upya.

Ufunguo wa chai

Baada ya mwaka 1774 mambo yalibadilika. Vyombo vyenye HB vilianza kuongezeka sokoni, na havikuwa tena vijiko pekee. Karakana ilitoa mabuli, vikombe vya maziwa, vidau vya chumvi, koleo za sukari, vibandiko vya chupa za mvinyo na vikasha vya majani ya chai.

Chai ndiyo iliyovuta biashara hiyo. Majani yaliyoletwa kutoka China na meli za Kampuni ya India Mashariki yalitozwa kodi kubwa kiasi kwamba sehemu nzuri ya chai iliyonyweka Uingereza ilikuwa ya magendo. Nyumba zenye uwezo hazikuyaacha jikoni majani hayo. Yaliwekwa sebuleni ndani ya chombo chenye kufuli, na ufunguo ukakaa kiunoni kwa mama mwenye nyumba, ambaye aliyapima na kuyamimina ndani ya buli mbele ya wageni. Mtumishi alileta maji ya moto tu.

Jina la Kiingereza la chombo hicho, caddy, linatokana na kati, kipimo cha uzito cha Kimalay kinachozidi kidogo nusu kilo, ambacho hakina uhusiano wowote na kati yetu ya Kiswahili. Mwanzoni vilikuwa vichupa vya fedha vilivyopangwa viwili au vitatu ndani ya sanduku la mbao: kimoja cha chai ya kijani, kingine cha chai nyeusi na cha katikati cha sukari. Sukari hiyo ilitoka mashamba ya visiwa vya Karibi, yaliyolimwa na Waafrika waliotiwa utumwani, jambo ambalo halionekani katika nakshi za vyombo hivyo hata ukitafuta kwa kioo cha kukuzia.

Hester na watu wake waliachana na lile sanduku. Kikasha chao kilikuwa cha fedha tupu, chenye umbo la yai, mfuniko wake na tundu la ufunguo mbele. Ubunifu huo ulitokana na hesabu za gharama. Zamani fundi alichukua bamba nene la mviringo na kulipiga nyundo kwa saa nyingi hadi likainuka kuwa chombo. Karakana ya Bunhill Row ilitumia fedha iliyopitishwa kwenye mashine na kutoka ikiwa bati jembamba la unene ulio sawa. Bati hilo lilikatwa, likakunjwa, likaungwa kwa mshono mmoja na kuwekewa kitako. Katika buli, mshono ulifichwa nyuma ya mkono wa kushikia.

Saa nyingi za nyundo ziliokolewa, na uzito wa fedha ukapungua. Kwa kuwa fedha iliuzwa kwa uzito, bei nayo ilishuka hadi kufikiwa na wenye maduka, mawakili na mapasta ambao baba zao walikunywa chai katika vyombo vya udongo na bati.

Lakini bati jembamba hubonyea upesi. Dawa yake ilikuwa ule mstari wa vitone vidogo, mithili ya ushanga uliotungwa, unaozunguka kingo za vyombo vyake. Watu wengi huuona kuwa pambo tu, na kwa kweli ni pambo linalopendeza. Fundi lakini anajua kuwa ukingo ulioongezwa namna hiyo huipa bati nguvu ya kutojikunja. Mabuli yake yenye vitako bapa nayo yaliweza kuunguza meza, hivyo yakauzwa na visinia vyake vyenye miguu mifupi. Mteja alinunua vyombo viwili badala ya kimoja.

Nakshi nazo zilikuwa za aina yake. Kwa patasi iliyong'arishwa, fundi alikata mikato mifupi ya mshazari ambayo kila mmoja ulirudisha nuru kama kioo. Katika sebule iliyoangazwa kwa mishumaa, kikasha hicho kilimeremeta kila mtu alipojongea mezani. Ndiyo maana wakusanyaji hupitisha kidole juu ya nakshi hizo kabla ya kuuliza bei. Miaka 200 na zaidi ya kusuguliwa kwa kitambaa huifuta mikato hiyo, na chombo ambacho mikato yake bado inakwaruza kidole ni nadra.

Washindani wake hawakuwa masonara wa London peke yao. Tangu mwaka 1743, Thomas Boulsover wa Sheffield alipogundua namna ya kuunganisha fedha na shaba kwa moto, viwanda vya kaskazini vilikuwa vikitoa vyombo vya shaba vilivyofunikwa fedha kwa bei ya chini. Mwaka 1773 miji ya Birmingham na Sheffield ilipewa ofisi zake za kupima fedha, na Matthew Boulton wa Birmingham alikuwa na kiwanda kikubwa ambacho hakuna karakana ya nyumbani iliyoweza kulingana nacho. Karakana nyingi ndogo zilikufa. Ya mjane wa Bunhill Row ilikua, kwa sababu alikubali kutumia mashine huku akiacha umaliziaji wa mikono mahali unapoonekana.

Mwaka 1784 ulileta habari mbili zilizopingana. Serikali ya Waziri Mkuu William Pitt ilishusha kodi ya chai kutoka asilimia 119 hadi asilimia 12.5, na magendo yakakosa faida. Watu wengi zaidi wakaanza kunywa chai halali, nao walihitaji vyombo. Lakini mwaka huohuo, kuanzia Desemba, fedha iliyofuliwa ilitozwa ushuru wa peni sita kwa kila aunsi, na kichwa cha Mfalme George III kikaongezwa katika safu ya alama kuthibitisha kuwa ushuru umelipwa. Fundi aliyetumia fedha kidogo katika kila chombo aliumia kidogo zaidi. Hester, ambaye wakati huo alikuwa amepita miaka 75, alikuwa ameshaijua siri hiyo kwa muongo mzima.

Alistaafu mwaka 1790 na kufariki Septemba 1794.

Je, ni mkono wake?

Kwa zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake hakuna aliyemzungumzia sana. Umaarufu wake ni wa karne ya 20, ulipokua kwa kasi hasa miongoni mwa wanunuzi wa Marekani waliovutiwa na umbo lisilo na makuu na na habari ya mjane aliyejisimamia. Mwaka 1959 David Shure alichapisha kitabu kilichomwita malkia wa masonara wa Uingereza. Bei zikapanda kiasi kwamba kijiko chenye HB kiliuzwa kwa fedha nyingi kuliko kijiko kama hicho, cha mwaka uleule na uzito uleule, kilichotoka karakana ya jirani.

Hapo ndipo mjadala ulipoanzia. Wanahistoria wa vyombo vya fedha wanakumbusha kuwa muhuri haukuwa saini ya msanii. Ulimtaja mtu aliyebeba dhamana mbele ya sheria. Nyuma ya herufi zile walikuwapo wanawe, mkwewe, wanagenzi na mafundi wa kuajiriwa, na hakuna chombo hata kimoja ambacho mtu anaweza kukinyooshea kidole na kuapa kuwa nyundo ilishikwa na Hester. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai kuwa vyombo vyake ni vyepesi mno kustahili sifa alizopewa.

Hoja ya kwanza ni ya kweli, lakini inawagusa masonara wote wakubwa wa zama hizo, wanaume kwa wanawake. Aliyekuwa na karakana yenye watu wengi hakufua kila kijiko mwenyewe. Ni ajabu kwamba swali hilo huulizwa kwa ukali zaidi pale mwenye muhuri anapokuwa mwanamke. Hoja ya pili inasahau kuwa wepesi ule ulikusudiwa. Anayetaka fedha nzito ya mezani kwa bwana mkubwa hakuwa mteja wa Bunhill Row.

Jambo lisilo na ubishi ni kwamba karakana iliyoachwa na mfua mikufu ikiwa na zana tu ilikabidhiwa watoto miaka 30 baadaye ikiwa miongoni mwa zinazojulikana zaidi London. Vyombo vyake vimo katika hazina ya Makumbusho ya Victoria and Albert mjini humo, na katika Makumbusho ya Taifa ya Wanawake katika Sanaa mjini Washington, yaliyofunguliwa mwaka 1987.

Umaarufu huleta udanganyifu, na HB haikusalimika. Njia moja ya matapeli ni kuukata muhuri kutoka kwenye kijiko kilichovunjika na kuupachika kwenye chombo kikubwa chenye bei. Pumzi ya mdomo ikipulizwa juu ya fedha wakati mwingine hufichua mstari wa risasi pale kiraka kilipoungwa. Uingereza ina kamati maalumu ya Goldsmiths' Hall inayochunguza vyombo vya kale vinavyotiliwa shaka, na sheria ya mwaka 1973 inakataza kuuza vilivyochezewa.

Kuna pia uharibifu uliofanywa bila nia ya kudanganya. Katika karne ya 19, wakati wa Malkia Victoria, vijiko vingi vya kale vilipelekwa kwa mafundi vikagongwa picha za matunda na kupakwa dhahabu ili vifae kwa kupakulia matunda mezani. Mkusanyaji makini hukirudisha kijiko cha namna hiyo kilipokuwa, hata kama HB imesomeka vizuri.

Mahali muhuri ulipogongwa nako kunasema. Hadi karibu mwaka 1781 alama ziligongwa sehemu nyembamba ya mpini, karibu na kichwa cha kijiko, na nyundo ya kunyoosha mpini baada ya hapo ilizivuruga. Baadaye zikahamishiwa karibu na ncha, palipo na nafasi. Vijiko vidogo vya chai vya miaka ya mwanzo vilipata alama mbili tu, simba na herufi za fundi, bila herufi ya mwaka. Hivyo kijiko cha chai cha kipindi ambacho Hester alikuwa bado anapigania nafasi yake hakimwambii mnunuzi ni cha mwaka gani. Kinamwambia tu ni cha nani.

Baada ya yeye kustaafu mwaka 1790, Peter na Jonathan walisajili muhuri wa pamoja. Jonathan alifariki mwaka uliofuata. Kwa kuwa muhuri huo wa ndugu wawili ulitumika miezi michache tu, ni mojawapo ya mihuri adimu zaidi ya familia hiyo. Nafasi ya Jonathan ilichukuliwa na mkewe Ann, mjane wa pili wa nyumba hiyo, ambaye aliweka herufi zake kando ya zile za shemeji yake mwaka huohuo wa 1791 na kuendelea na kazi hadi mwaka 1805. Mwaka 1800 aliongezwa William, na kwenye vijiko vya miaka hiyo herufi za Peter, Ann na William zimebanana katika muhuri mmoja, AB zikiwa katikati.